Jembe la Kilimani na Mwenye Kuligharimia

Sekta iitwayo Gikundamvura iko katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, wilayani Rusizi, katika eneo ambalo hadi mwaka 2006 lilijulikana kama mkoa wa Cyangugu. Ni jirani na Burundi, na Kongo haiko mbali, ng'ambo ya mto Rusizi. Chini yake limelala bonde la Bugarama, sehemu iliyo chini kuliko zote nchini Rwanda, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, lenye joto na mashamba ya mpunga. Juu yake ardhi hupanda kuelekea milima ya Nyungwe. Jina lenyewe, kwa Kinyarwanda, limeunganisha maneno mawili, kupenda na mvua. Nalo lina haki ya kuitwa hivyo, maana mvua haina choyo katika nchi ile. Lakini mvua ile ile inayostawisha maharage na mihogo ndiyo inayouchukua udongo na kuushusha bondeni, na kuanzia hapo mtoni.

Askari aliyepata kulinda mpaka katika milima ya namna hiyo anafahamu jambo hili bila kufundishwa. Ameona vijito vinavyogeuka rangi ya matofali baada ya mvua ya saa moja. Ameona barabara iliyokatika usiku na gari la kikosi likakwama hadi alfajiri. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, na waliotangulia kufukua nyumba zilizofunikwa pamoja na wananchi walikuwa askari wa jeshi na wa polisi. Kwa hiyo mazungumzo ya leo juu ya makinga maji na fedha za serikali za kuhifadhi udongo hayamhusu bwana shamba peke yake. Yanamhusu kila avaaye sare, kwa sababu ambazo historia itazionyesha. Na baadhi ya sababu hizo si za kujivunia.

Swali lenyewe ni rahisi kulitaja. Mkulima wa kilimani akichimba mtaro wa kukinga maji, hupoteza kipande cha shamba lake, naye katika nchi ile aghlabu hana hata hekta moja. Hupoteza pia siku nyingi za kazi. Faida anayoipata yeye mwenyewe huja polepole, pengine baada ya misimu kadhaa. Lakini mwenye mpunga kule bondeni hupata faida mara moja, kwa kuwa mfereji wake haujai tope. Serikali nayo hupata faida, kwa kuwa daraja lake halibomoki. Nani basi agharimie jembe la mtu wa kilimani? Katika muda wa miaka takribani 90, swali hili limejibiwa kwa namna tatu: kwa kiboko, kwa siku ya Jumamosi, na kwa ujira.

Ubelgiji iliitawala Rwanda kwa jina la Shirika la Mataifa na baadaye kwa jina la Umoja wa Mataifa. Baada ya njaa ya 1928 na 1929, utawala huo uliamuru kila kaya ilime mihogo na viazi vitamu kama akiba, na katika miaka ya 1930 ukaongeza amri ya kupanda kahawa. Miaka hiyo hiyo ilianza amri ya kuchimba mitaro ya kukinga maji ikifuata mzunguko wa kilima. Wananchi waliiita imirwanyasuri, yaani vipigana na mmomonyoko, jina ambalo kwa sikio la askari ni la kivita kabisa. Kisha ikaja njaa kuu ya 1943 na 1944, iliyoitwa Ruzagayura. Ukame na ugonjwa wa viazi vilisababisha njaa hiyo, lakini vilevile nguvu kazi na chakula vilivyochukuliwa kwa ajili ya vita vya wenyewe Wazungu. Hesabu za chini kabisa za waliokufa zinataja makumi ya maelfu. Baada ya msiba huo kampeni ya mitaro iliongezwa nguvu, na milima mingi ya Rwanda ikachorwa mistari kuanzia kileleni hadi bondeni.

Ni nani aliyechimba? Wananchi, bila malipo. Kazi hiyo ilihesabiwa pamoja na shughuli nyingine za lazima zilizoitwa akazi, neno ambalo halihitaji kufasiriwa kwa Kiswahili. Machifu na wasaidizi wao walipewa kiasi cha kutimiza. Chifu aliyeshindwa aliondolewa, na mwananchi aliyechelewa alichapwa. Chombo kilichotumika kilibeba jina la Kiswahili hadi ndani ya Kinyarwanda: ikiboko. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi hiyo mwaka 1948 uliilaumu adhabu hiyo. Maelfu ya watu walikwisha kuhamia Uganda na kwingineko kutafuta mahali ambapo mtu hulima na kulipwa.

Hapa yafaa tutazame mbali kidogo, kwa sababu maafisa wa kikoloni hawakuitunga hofu yao ya mmomonyoko wakiwa peke yao. Walisoma habari za Marekani. Katika miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wa mbuga za kati za nchi hiyo mpaka mchana ukawa giza. Mwaka 1935 serikali ya huko iliunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo chini ya mtaalamu Hugh Bennett, na mwaka 1936 ikatunga sheria ya kuwalipa wakulima wanaopanda mimea ya kulinda ardhi badala ya ile inayoichosha. Mwaka 1985 iliongeza mpango mwingine, ambao kwa huo mkulima huingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, akaipumzisha ardhi yake iliyo dhaifu, na serikali ikamlipa kila mwaka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya Marekani, lakini katika hili hesabu yao ilikuwa sahihi: udongo ukiwa ni mali ya taifa, taifa hutoa fedha. Watawala wa Afrika ya Mashariki, Wabelgiji kwa Waingereza, waliipokea hofu ya Wamarekani yote kamili, na picha zake, na takwimu zake. Malipo hawakuyapokea.

Matokeo yalionekana pote. Kule Murang'a, nchini Kenya, mwaka 1947 na 1948, wanawake waliokuwa wakipelekwa kwa lazima kuchimba matuta waligoma. Kule Uluguru, Tanganyika, mpango wa matumizi ya ardhi ulianza mwaka 1950 kwa kuwalazimisha Waluguru kukata ngazi katika milima yao. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga; polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa mwaka huo huo. Jambo ambalo husahaulika katika habari ya Uluguru ni kwamba wakulima wale walikuwa na hoja ya kitaalamu. Udongo wa rutuba katika miteremko yao ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi bila uangalifu, tabaka hilo huzikwa chini na udongo mfu huja juu, na mahindi hayakui. Mkulima aliona jambo hilo katika shamba lake. Ofisa aliona mstari mzuri kwenye ramani. Na askari polisi wa Kiafrika alisimama kati yao akiwa na bunduki, akitetea hesabu ya kilimo ambayo hakuna aliyemweleza kama ilikuwa sahihi au la.

Turudi Rwanda. Uhuru ulipokaribia, kuanzia mwaka 1959 hadi 1962, mitaro mingi iliachwa, na mingine ikafukiwa na wananchi wenyewe. Si kwamba walichukia udongo wao. Mtaro ulikuwa umekuwa alama ya kiboko, na kiboko kilipokwenda ulikwenda nacho. Serikali mpya ilikuwa na mengine ya kushughulikia. Iliendeleza mashamba ya makazi yaliyoanzishwa chini ya mpango wa miaka kumi wa Wabelgiji wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo kaya ilipewa kiasi cha hekta mbili kwa sharti la kulima kahawa au zao jingine la biashara. Na katika mabonde ilianza kilimo cha mpunga kwa msaada wa wataalamu wa Taiwan katika miaka ya 1960, na baada ya 1971 wa China Bara. Bugarama ikawa mojawapo ya maghala ya mpunga ya nchi. Fedha zilikwenda bondeni. Kilima cha juu yake kilibaki na jembe la mwenyewe.

Mwezi Februari 1974, serikali ya Jenerali Habyarimana ilianzisha umuganda kama kazi ya lazima ya kitaifa, nusu siku kwa juma. Neno hilo ni la zamani na la heshima. Maana yake ya asili ni majirani kukusanyika kumsaidia mmoja wao, kama kumjengea nyumba. Kwa muda wa miaka 15 hivi umuganda ulifanya kazi kubwa sana. Mitaro ilichimbwa upya kwa maelfu ya kilomita, na miti ikapandwa. Kwa wakati huo huo, katika kituo cha wamisionari cha Kisaro, mkoani Byumba, ilijaribiwa namna mpya ya ngazi pana zilizolala sawasawa kabisa, ambazo baadaye zilienea nchi nzima.

Asiyeusifu umuganda wa wakati huo kwa wingi wa kazi yake hasemi kweli. Lakini asiyeutazama mwisho wake naye hajaisoma historia yote. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wakulima waliolazimishwa kuitunza mikahawa wakaanza kuing'oa. Vita vilianza Oktoba 1990, na vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1991. Wananchi wakakataa kwenda umuganda, na katika sehemu kadhaa wakabomoa mitaro na kukata miti ya jumuiya, kama walivyofanya baba zao miaka 30 kabla. Kisha mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji walilichukua neno kazi, na neno umuganda lenyewe, wakayatumia kumaanisha kuua. Miongoni mwa walioongoza mauaji hayo walikuwamo watu wenye sare. Ni lazima jambo hili litajwe mbele ya wasikilizaji wa vikosi, kwa kuwa lilitokea. Utii wa kutouliza kazi hii ni ya nani na ya nini haukuzaliwa siku moja.

Umuganda ulirudishwa mwaka 1998, na sheria yake ikatungwa mwaka 2007: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65, si chini ya saa tatu. Raia, askari na waziri hushika jembe pamoja. Hata hivyo, serikali ilikwisha kutambua kwamba kilima kizima hakiwezi kujengwa ngazi kwa saa tatu za mwezi.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, yatupasa tueleze ngazi hiyo hujengwaje, maana mwenye kuichimba ndiye ajuaye kwa nini ina gharama. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ya polepole. Mkulima hupima mstari wa usawa kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A na kamba iliyofungwa jiwe, huchimba mtaro, na udongo wake huutupa upande wa juu. Kule Machakos, nchini Kenya, walioichimba waliiita kwa Kiswahili chepesi, fanya juu, na jina hilo likaingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo au majani mengine ya mifugo. Mvua za miaka mingi husukuma udongo hadi kwenye tuta, na shamba hujisawazisha lenyewe. Njia hii ni nafuu, lakini hutaka subira, na tuta lisilotunzwa hubomoka.

Ya pili ndiyo ile ya Kisaro, ambayo milimani huitwa amaterasi y'indinganire. Hapo mteremko hukatwa. Wachimbaji huanzia chini. Udongo mweusi wa juu hutengwa kando, udongo wa ndani hukatwa na kujazwa hadi upate uwanja ulio sawa wenye kuinama kidogo kuelekea mlimani, kisha udongo mweusi hurudishwa juu yake. Askari aliyechimba handaki na kujenga ukingo wake anaelewa uzito wa kazi hiyo: hekta moja hula mamia ya siku za mtu mmoja. Hata baada ya hapo shamba haliko tayari. Udongo uliosumbuliwa huwa mchungu na wenye njaa. Hutaka chokaa, hutaka samadi kwa wingi, hutaka mbolea ya chumvichumvi, na usipovipata, hutoa mavuno duni kuliko kabla ya kuchimbwa. Ni hoja ile ile ya Waluguru, iliyorejea miaka 50 baadaye.

Kuanzia mwaka 2006 serikali ya Rwanda imelijibu jambo hili kwa mipango inayoshikana, ijapokuwa haikuandikwa yote kwa siku moja. Mwaka 2006 ulianza mpango wa Girinka wa kumpa kila kaya maskini ng'ombe mmoja. Mwezi Septemba 2007 ulianza mpango wa kuongeza mazao, wenye ruzuku ya mbegu na mbolea. Mwaka 2008 ukafuata mpango wa Vision 2020 Umurenge, ulioanza katika sekta 30, moja kwa kila wilaya, ambao huwalipa maskini wenye nguvu ujira wa kazi za umma, na kati ya kazi hizo ni kuchimba ngazi na kutengeneza barabara. Ujira huo hupitia katika vyama vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa katika kila sekta. Benki ya Dunia iligharimia ngazi na umwagiliaji wa milimani kuanzia mwisho wa miaka hiyo. Mwaka 2012 uliundwa mfuko wa taifa wa mazingira, FONERWA. Kuanzia mwaka 2017 mkulima hujiandikisha kwa simu ili apate pembejeo za ruzuku, katika utaratibu uitwao Smart Nkunganire, na mwaka 2019 ilianzishwa bima ya mazao na mifugo ambayo serikali iliahidi kuilipia asilimia 40 ya ada.

Mwenye jicho ataona jinsi mambo haya yanavyolishana. Mabingobingo ya ukingo wa ngazi humlisha ng'ombe wa Girinka. Samadi ya ng'ombe huiponya ngazi. Ujira wa kuchimba hununua mbegu. Chokaa nayo haiko mbali na Gikundamvura: mawe yake yako Mashyuza, pale pale Bugarama, ambako kiwanda cha saruji kilichojengwa kwa msaada wa China kilianza kazi mwaka 1984. Pahali pachache nchini pana bahati ya kuwa na dawa ya udongo karibu hivyo na mgonjwa wake.

Lakini mazungumzo haya hayakukusudiwa kuwa ya sifa tupu. Kasoro ziko mbili, na zote mbili ni za zamani zikiwa na mavazi mapya. Ya kwanza ni haraka ya viongozi wa ngazi za chini. Tangu mwaka 2006 kila kiongozi hutia sahihi ahadi za kazi ziitwazo imihigo, na ahadi hizo huhesabiwa kwa hekta. Katika miaka ya mwanzo ya mpango wa mazao, walikuwapo waliong'oa migomba ya wananchi au mazao mengine yasiyokuwa katika orodha, ili hekta zitimie. Mgomba mmoja kwa kaya ya kilimani ni chakula, ni pombe ya arusi, na ni fedha ya ada ya shule. Pia ni kinga ya udongo, kwa majani yake yanayofunika ardhi. Aliyeung'oa kwa ajili ya takwimu alirudia, labda bila kujua, kazi ya chifu wa mwaka 1938.

Ya pili ni ya fedha zenyewe. Mfadhili hupenda kugharimia jambo linalopigwa picha. Ngazi mpya inapigwa picha vizuri sana. Samadi ya mwaka wa tatu haipigwi picha, wala ukingo uliobomoka ukatengenezwa. Kwa hiyo ujira hutolewa siku za kuchimba, na huisha siku mradi unapofungwa, wakati ambapo kwa hesabu ya udongo mwenye shamba ndiyo kwanza ameanza kuhitaji msaada. Aliyelipwa kuchimba, mara nyingi, si mwenye shamba. Amepokea haki yake, amekwenda zake. Mwenye shamba amebaki na uwanja mzuri wenye njaa. Kwa maoni yetu, fedha ya chokaa na samadi ya misimu mitatu ya kwanza yapasa ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama ya ngazi tangu mwanzo, kama vile risasi na chakula zinavyohesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya kikosi, wala si zawadi inayoongezwa baadaye ikiwa zimebaki pesa.

Na liko la bondeni. Vyama vya wakulima wa mpunga hukusanya michango kwa ajili ya kuzibua mifereji. Tope wanalolizibua ni shamba la mtu wa juu. Sehemu ya mchango huo, kama ingepandishwa kilimani kununua miche ya mabingobingo na kulipia matengenezo ya kingo kila mwaka, ingelizuia tope kabla halijashuka. Wamarekani huyaita malipo ya namna hiyo mkataba. Sisi twaweza kuyaita umuganda kwa maana yake ya kwanza, ile ya jirani kumsaidia jirani.

Polisi na askari walioko katika sehemu hizo wataendelea kuitwa siku ya umuganda, na hilo ni jema. Wataitwa pia siku za mvua kubwa. Lakini iko siku ya tatu, ambayo kiongozi fulani atataka asindikizwe na wenye sare kwenda kwa mkulima aliyekataa shamba lake lisikatwe. Siku hiyo yafaa kumwuliza kiongozi huyo kama chokaa imekwisha kufika, kama samadi ipo, na kama mwenye shamba amepimiwa kina cha udongo wake mweusi. Waliotumwa Matombo mwaka 1955 hawakuuliza.

Msimu wa kupanda wa Septemba unapofika, wakulima wa Gikundamvura huanza kulima kabla mvua hazijatulia, na zile kubwa hufuata Machi hadi Mei. Ukingo wa ngazi ukibomoka mwezi Aprili, hutakiwa uzibwe ndani ya siku mbili au tatu, kabla maji hayajapata njia. Kazi hiyo ni ya watu wawili na jembe, kwa asubuhi moja, na katika bajeti nyingi za miradi bado haina fungu lake.